Maswali ya Wasomaji: Kaseti za taarab, saa inayorudi nyuma na flashi ya uongo

Barua za safu hii hujibiwa na wazee wa klabu ya kompyuta hapa Mombasa. Zimefupishwa kidogo.

Salaam aleikum. Nina kaseti kama 80 za taarab: za Juma Bhalo, za Zein l'Abdin, na nyingine zilirekodiwa harusini ambazo hakuna mwengine aliye nazo. Nimeunga redio kwenye laptopu kwa waya, lakini sauti yakwaruza na yaingia upande mmoja tu. Nakosea wapi? (Msomaji, Kibokoni)

Waleikum salaam. Kosa liko kwenye tundu, redio haina hatia. Laptopu nyingi zina tundu moja la milimita 3.5, na kwa sauti inayoingia tundu hilo limetengenezewa maikrofoni. Lapokea chaneli moja, tena lasubiri umeme dhaifu wa milivolti chache. Redio yatoa makumi ya mara zaidi ya hapo. Ndiyo maana ukiteremsha sauti kwenye skrini mkwaruzo haupungui: imeshaharibika kabla ya kuifikia programu.

Unachohitaji ni kadi ya sauti ya USB yenye tundu lililoandikwa LINE IN. Vile vidude vidogo vya bei ya chini vyenye tundu la waridi uviepuke, vingi ni vya maikrofoni tu. Ukitaka kuhakikisha, rekodi huku umechomoa plagi nyekundu nyuma ya redio. Kadi ya stirio itaonyesha chaneli ya kulia imenyamaza. Kama zote mbili zaendelea kucheza, umeuziwa mono. Redio isiyo na LINE OUT itumie tundu la hedifoni, sauti ikiwa kwenye thuluthi moja.

Kabla ya hayo yote, vunja vile vijino viwili vilivyo mgongoni mwa kila kaseti. Kidole kikikosea kikabonyeza kitufe cha kurekodi, harusi hiyo haitarudi. Kisha tazama kwenye kidirisha: ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa masika ni jambo la kawaida. Kaseti hiyo usiicheze, kwa sababu kuvu itabaki kwenye hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na kuziambukiza zitakazofuata. Iweke siku kadhaa kwenye kopo lililofungwa lenye vifuko vya silika. Halafu vaa barakoa, uizungushe taratibu mbele na nyuma, utepe ukipita katikati ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Pedi ndogo ya sponji iliyo nyuma ya utepe ikiwa imebanduka, sauti itakuwa hafifu na ya kuja na kuondoka. Hapo fungua skrubu tano na uuhamishie utepe kwenye ganda jengine zima.

Hedi isafishe kila baada ya kaseti tano kwa pamba na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya hospitali haifai, kwani huwa na mafuta yanayobaki. Gurudumu la mpira lipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo tu, maana spiriti hulikausha likapasuka. Redio iliyolala kabatini miaka kumi huenda mkanda wake wa mpira umeyeyuka kama lami. Usafishe wote utoke, kisha pima njia yake kwa uzi na ununue mkanda mfupi kwa asilimia 5 hivi. Kipimo cha mwendo ni rahisi: upande mmoja wa C60 (kaseti ya dakika 60) huchukua dakika 30 na ushei. Ukienda 34, waimbaji wako wamelewa.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Kando ya hedi kuna skrubu yenye springi, nayo huweka pembe ya hedi dhidi ya utepe. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na pembe yake, na zisipolingana sauti huwa ya blanketi. Kaseti ikicheza, geuza skrubu hiyo polepole, isizidi robo mzunguko kila upande, mpaka sauti nyembamba zing'ae zaidi. Bisibisi isiwe na sumaku. Ukiifanya kazi hii kwa kaseti za harusi hasa, utasikia tofauti kubwa kuliko programu yoyote inavyoweza kukupa.

Kwenye Audacity (programu ya kurekodi sauti) weka 44100 Hz na biti 16. Cheza sehemu yenye kelele zaidi, rekebisha mpaka vilele vifike -6 dB, kisha rudi mwanzo na urekodi upande mzima bila kukata. Ukisikia mvumo wa chini, chomoa chaja ya laptopu ufanye kazi kwa betri. Mvumo huo wa 50 Hz huja na umeme wa ukutani. Hifadhi kwanza kama WAV. C60 moja yachukua kama MB 635, kwa hiyo kaseti 80 za aina hiyo ni kama GB 51. FLAC hupunguza hadi karibu nusu bila kupoteza kitu, na MP3 ziwe za kuwatumia jamaa tu.

Kuondoa mlio wa "shhh" ndiko kunakoharibu rekodi nyingi. Chagua sekunde mbili zenye mlio mtupu, ifundishe programu, kisha punguza dB 6 hadi 9, basi. Ukizidisha, tashkota (ile ala ya nyuzi na vitufe) yageuka kuwa ya chini ya maji, kwa sababu sauti zake kali zimekaa palepale ulipo mlio. Heri "shhh" kidogo na tashkota nzima.

Kompyuta yangu ya mezani, nikiiwasha asubuhi, saa yaonyesha mwaka 2009 na tovuti zakataa kufunguka zikidai si salama. Fundi asema madabodi imekufa. (Msomaji, Tudor)

Madabodi iliyokufa haiwaki. Kilichokufa ni betri ya saa, CR2032, ile ya duara kama shilingi. Tovuti hukataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 yaviona vyeti hivyo bado havijaanza kutumika.

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10, kisha fungua ubavu. Betri itoe kwa kusukuma kile kijibano, usiichokoe kwa bisibisi ukararua kikalio chake. Ipime kwa multimita (kipimo cha umeme): mpya huwa na volti 3 na ushei, na ikiwa chini ya 2.7 itupe. Mpya iingie upande wa + ukitazama juu. Soma nambari vizuri: CR2025 ina upana uleule wa milimita 20 lakini unene wake ni 2.5 badala ya 3.2, nayo hulegea. Kikalio chenye kutu ya kijani, zawadi ya upepo wa bahari, kipigwe mswaki na isopropili kikauke kwanza.

Kisha ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) urekebishe tarehe. Windows ikigoma kuanza baada ya hapo, tazama humo sehemu ya SATA, yaani namna diski inavyoongea na kompyuta. Huenda imerudi IDE na ilikuwa AHCI, au kinyume chake; irudishe ilivyokuwa. Betri mpya ikifa ndani ya wiki chache, hapo sasa mtafute fundi, maana kuna umeme unaovuja. Fahamu pia kwamba kompyuta inayozimwa swichi ya ukutani kila usiku huimaliza betri hii mapema, kwa kuwa saa haipati umeme mwengine. Hata hivyo endelea kuzima, betri ni rahisi kuliko pawasaplai.

Betri ya zamani usiiache mezani wajukuu wakiwapo. Mtoto akiimeza huunguza koo ndani ya saa mbili. Ni ya kukimbiza hospitali mara moja.

Nimenunua flashi ya TB 2 barabarani kwa bei ya mlo wa biriani. Picha za mwanzo zafunguka, za baadaye zaonekana majina tu. (Msomaji, Likoni)

Bei ilikwishakujibu, bwana. Ndani yake huenda mna GB 16 au 32, na kidhibiti kimefundishwa kudanganya ukubwa. Ukivuka kiasi cha kweli, kompyuta huandika majina ya faili na yaliyomo hayana pa kukaa. Acha kuiandikia sasa hivi, na nakili picha zote zinazofunguka.

Kisha ipime. Kwenye Windows tumia H2testw. Kwenye Linux (mfumo mbadala wa Windows) tumia f3: f3write kwanza, kisha f3read. Programu hizi hujaza nafasi yote kwa data na kuisoma tena, kwa hiyo tenga muda. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 8 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa mbili. Yako ya "TB 2" usiingoje imalize, makosa yataanza mapema. Kuna f3fix ya kuigawa upya kwa ukubwa wake wa kweli, ingawa kumbukumbu ya aina hiyo sisi hatungeiwekea hata risiti.

Flashi ya GB 64 kuonekana GB 59.6 kwenye Windows si udanganyifu. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Laptopu yangu ni ya i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4. Nimeambiwa Windows 11 haiingii. Niitupe? (Msomaji, Kisauni)

La. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Tia SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240, ongeza RAM ifike GB 8, uweke Linux Mint. Ukinunua RAM tafuta DDR3L ya volti 1.35, ya 1.5 laptopu nyingi za kizazi hicho huikataa.

Tuko wazee wanane, twakutana barazani Jumamosi baada ya alasiri, kila mtu na mashine yake. Twataka kuchanga tununue vifaa vya pamoja. Tuanze na nini? (Wasomaji, Majengo)

Multimita kwanza, hata ya bei ndogo. Kisha bisibisi za msalaba za PH00, PH0 na PH1, chupa ya isopropili, CR2032 tano, na waya wa SATA kwenda USB wa kuokolea faili kwenye diski ya mashine isiyowaka. Flashi mbili za kweli za GB 32 zitiwe Ventoy, ambayo hukuruhusu kudondosha faili za ISO (za kusakinishia mifumo kama Windows na Linux) kadhaa na kuchagua moja wakati wa kuwasha. Ya pili ni akiba, maana ya kwanza itaondoka mfukoni mwa mtu.

Mwenye kompyuta ndiye ashike bisibisi, wengine waseme tu. Fundi mmoja akiwafanyia wote, Jumamosi ijayo mtarudi na maswali yaleyale.

Umeme: chaja nane za wati 65 ni wati 520, kama ampea 2.2 kwa volti 240, kwa hiyo ekstensheni moja nzuri ya ampea 13 yawatosha. Birika la umeme la wati 2,200 laongeza ampea 9 nyingine. Kwenye waya mwembamba ulioachwa umeviringishwa, joto hilo halina pa kutokea na plastiki huanza kulainika. Ufungueni wote hadi mwisho, na kahawa ichemshwe kwa makaa.