Barua kwa Mwanangu: Ile Rupia ya Tembo

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Barua yako imefika na sote huku Lindi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua mvua zikianza.

Unasema yuko bwana mmoja wa Mikindani anakuuzia sarafu mbili za dhahabu. Moja ina tembo, nyingine ina maandishi ya Kiarabu na yeye anadai ni ya masultani wa Kilwa. Anataka milioni nne kwa zote, na anaapa kwamba duniani zimebaki hizo tu. Ukaniuliza: "Baba, wewe uliyekuwa sonara maisha yako yote, nitajuaje kama sarafu ni adimu kweli?"

Nianze na hiyo ya Kilwa. Usiinunue. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuvichimba bila leseni au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kama ni ya kweli, imetoka ardhini Kilwa Kisiwani au jirani yake, na mahali pake ni kwa watu wa Mambo ya Kale. Kama ni ya bandia, utakuwa umenunua kipande cha shaba ya njano au nyekundu kilichopakwa rangi.

Lakini mwanangu, siwezi kuipita Kilwa hivi hivi, maana jibu la swali lako limelala pale pale. Masultani wale walifua sarafu zao wenyewe, na nyingi mno zilikuwa za shaba. Za Ali bin al-Hasan zimeokotwa kwa maelfu, nyingine ufukweni tu maji yakishatoka. Zina umri wa mamia ya miaka na bado si adimu. Za dhahabu ni habari nyingine. Mwaka 1991 mtaalamu Helen Brown aliandika kuhusu tatu, zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 na ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Tatu tu! Mji uliokuwa unashika biashara ya dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, na dhahabu yake iliyofuliwa kwa jina la sultani imetufikia vipande vitatu. Sasa huyo bwana anayo ya nne, na anaichanganya na nyingine kwa milioni nne?

Kwa hiyo uzee ufute kichwani. Hesabu ya kwanza unayotakiwa kuuliza ni zilifuliwa ngapi, na ya pili, ambayo ndiyo nzito, ni zimebaki ngapi. Watu wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Marekani mwaka 1933 walifua vipande 445,500 vya dhahabu vya dola 20, halafu serikali yao ikaviyeyusha karibu vyote. Kimoja kiliuzwa New York mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 19. Na hesabu ya pili haikai mahali pamoja. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Sarafu ambazo jana zilikuwa za kuhesabika, leo zikajaza meza.

Nakuja kwa tembo wako. Sarafu hiyo ipo kweli, na historia yake naipenda kuliko zote. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani yetu, na Mjerumani akaishiwa fedha ya kuwalipa watu wake. Akachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, akafua sarafu za rupia 15 huko Tabora, kwenye karakana ya reli. Upande mmoja kuna tai wa Kaisari wa Ujerumani. Upande wa pili kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, chini yake mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Zilifuliwa 16,198. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Kwa hiyo "duniani zimebaki hizo tu" ni uongo. Huonekana minadani Ulaya na Marekani mara kwa mara, na zikiwa nzima huuzwa kwa maelfu ya dola. Ni adimu, ndiyo, lakini ni adimu ya kutafutwa ikapatikana. Bei ya huyo bwana ni ndogo mno kwa kitu cha kweli na kubwa mno kwa kitu cha bandia.

Usichanganye na zile za senti za vita, heller 20 za shaba ya njano, nazo za 1916 na nazo zina T. (Ndiyo "hela" tunayoitaja kila siku.) Hizo zilifuliwa nyingi sana, na vijijini bado zinatoka kwenye masanduku ya bibi zetu. Kuna watu wanazisugua mpaka zing'ae wakasema ni dhahabu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijapata kukuambia. Mwaka wa tatu wa kazi yangu, bibi mmoja kutoka Rondo aliniletea tembo huyo. Alitaka vipuli kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Niliisugua kwenye jiwe, nikaitia tone la asidi, nikaona ni karati 18, yaani robo tatu dhahabu. Nikaitia kwenye chungu, nikapuliza moto. Nakumbuka mkonga ndio uliokwisha mwisho. Vipuli vilikuwa vizuri na bibi alifurahi. Miaka mingi baadaye ndipo nikaja kuelewa nilichoyeyusha, na hadi leo moto ukiwaka nakumbuka. Ile 16,198 imepunguzwa na mikono kama yangu, Tabora, Zanzibar, Bombay, kila penye sonara. Hakuna daftari linaloandika hesabu hiyo.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu shilingi, ipime. Mwambie akubali ipimwe mbele yako kwenye mizani ya sonara, yenye kusoma tarakimu mbili baada ya nukta. Ya kweli ina gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu, yaani gramu 5.4 kasoro kidogo. Hiyo dhahabu ndiyo sakafu ya bei. Kinachozidi hapo ndicho unachokilipia uadimu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Mizani isome karibu gramu 0.48. Ikisoma 0.8 na zaidi, hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa, hata tembo awe mzuri namna gani. Kipimo hiki hakiikwaruzi sarafu, ndiyo maana nakipenda kuliko jiwe na asidi.

Ikipita hapo, itazame ukingoni kwa kioo cha kukuzia. Huku pwani wanawake walizivaa shingoni, kwa hiyo tafuta tundu lililozibwa au alama ya lehemu ya kuunganishia kipete cha mkufu. Iliyotobolewa thamani yake hushuka vibaya. Iliyosuguliwa kwa limau na majivu nayo imeharibika. Mng'ao wa siku ya kwanza ukishaondoka haurudi. Ukiipata, usiisafishe hata kwa kitambaa. Kisha uwaonyeshe picha wajuzi wa sarafu wasio na hisa katika biashara hiyo. Tembo wa bandia ni wengi, na baadhi wamefuliwa kwa dhahabu halisi, hao mizani haiwakamati. Hapo linabaki jicho la aliyeshika wengi wa kweli.

Na huyo bwana akianza kukuambia habari za zebaki nyekundu, ile ya matapeli, au hazina ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya boma, ondoka hapo hapo. Nimeona vijana wa huku wakifukua hadi makaburi kwa maneno hayo, na sijamwona hata mmoja aliyerudi na kitu.

Milioni nne ni akiba yako ya miaka, najua ulivyoikusanya. Mwambie asubiri mpaka Ijumaa. Mizani yangu ipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na betri nimeshanunua. Nitapanda basi la alfajiri, nitashuka Mikindani saa tatu hivi. Nisubiri pale stendi, uje na uzi mweusi wa kushonea, mwembamba kabisa.

Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama wajukuu wanakula vizuri.

Ni mimi baba yako