Gari la Kambi na Mvua ya Agosti: Maswali ya Wasomaji

Shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, safu hii hupokea barua za wenye magari madogo ya kambi, yaani matatu za zamani zilizotiwa vitanda na matrela ya kuvutwa na pikapu, ambao wana majuma machache ya matengenezo na fedha zisizotosha kufanya yote. Mwezi huu nimechagua barua za ukanda wetu, kuanzia Nakuru hadi Bungoma, kwa sababu Agosti ya huku si Agosti ya Nairobi. Wenzetu wa Nairobi huhesabu Juni hadi Septemba kuwa miezi mikavu, ilhali Kitale na Eldoret huwa bado katika msimu wa mvua, na Nakuru nayo huloa. Kiangazi chetu cha kutegemewa ni kile cha kuanzia Desemba hadi Februari. Kwa hiyo nimejibu nikichukulia kwamba mtanyeshewa.

Nimenunua Toyota HiAce iliyokuwa matatu, ambayo mmiliki wa awali aliitia kitanda, kabati na meko. Akiba yangu inatosha ama kununua paneli ya sola na friji, ama kurekebisha dari, ambayo ina doa la unyevu karibu na tundu la hewa. Fundi ananiambia doa hilo si kitu. Nianzie wapi?
*Mgeni Kambini, Shabab, Nakuru*

Anzia darini, ndugu yangu, na friji ingoje Desemba. Gari la kambi huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote, na maji hufanya kazi yake nyuma ya plaiwudi, mahali ambapo hutayaona mpaka ubao uwe umelainika na bati limeshika kutu. Ukifunga paneli juu ya paa linalovuja, utakuwa umeongeza matundu ya skrubu juu ya yale yaliyopo, na siku utakapoamua kurekebisha paa itakubidi uing'oe paneli hiyo kwanza.

Kabla ya kumlipa mtu, hakikisha kama hilo ni vujo au ni jasho la gari. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa, pumzi yao hugeuka matone kwenye bati baridi, na usiku wa Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ni baridi ya kutosha kwa jambo hilo. Jasho huonekana asubuhi kwenye vioo na kwenye kila bati lililo wazi, hata kama hakukunyesha, na dawa yake ni kuacha dirisha moja wazi kidogo pamoja na tundu la juu ili hewa ipite. Vujo huja baada ya mvua na hurudi mahali pale pale. Doa lako, kwa jinsi ulivyolieleza, linaelekea kuwa vujo.

Usidhani kwamba tundu lipo juu ya doa moja kwa moja. Maji huingia kwenye skrubu moja, yakafuata ubavu wa chuma ulio ndani ya paa, kisha yakadondoka mbali na yalikoingilia. Mwombe mtu akae ndani na tochi, wewe ushike mpira wa maji nje, na umwagie gari kuanzia chini kwenda juu: kwanza mipira ya madirisha, halafu mfereji wa pembeni mwa paa, halafu tundu la hewa, halafu skrubu za keria, ukikawia dakika kadhaa kila mahali. Ukianza juu, maji yatashuka kila upande na hutajua ni wapi yalikoingilia.

Ukilipata tundu, kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone rangi au chuma. Mafundi wengi wa jua kali hupaka silikoni mpya juu ya ile kuukuu, na kazi hiyo haidumu, kwa kuwa silikoni iliyokwisha kukauka haishikiwi vizuri na gundi nyingine, hata silikoni mpya. Mimi hupendelea gundi ya poliyurethani, ile ile inayotumiwa na wabandika vioo vya mbele vya magari, kwa sababu hushika chuma vizuri na hunyumbuka gari linapotikisika. Palipo na kutu, sugua, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo uzibe. Kisha chokoa plaiwudi ya dari kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila nguvu, kata kipande hicho, uache gari wazi juani mpaka mbavu zikauke kabisa, na ndipo ufunike. Anayefunika ubao mbichi kwa ubao mpya hurudia kazi hiyo hiyo mwaka unaofuata.

Lipime gari uzito pia, maadamu bado hujaongeza chochote. Wafanyabiashara wa nafaka na wa vyuma chakavu wenye mizani ya malori huweza kukupimia kwa ada ndogo. Nenda na familia yote, mafuta na maji yakiwa yamejaa, halafu linganisha na uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji wa gari. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 60 ni sawa na kumbeba mtu mzima mmoja zaidi, na kabati za mbao nzito huongeza wengine wawili au watatu bila wewe kutambua.

Gari langu lina betri ya ampea-saa 100, paneli moja ya wati 100 na friji ndogo ya lita 40. Tukilala Dunga au Homa Bay, siku ya pili alfajiri friji huwa imezima. Aliyeniuzia betri ameapa kwamba inatosha siku mbili. Je, niongeze betri au paneli?
*Mama wa Watatu, Milimani, Kisumu*

Mama, tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa muuzaji wako hakuifanya. Friji nyingi ndogo za kompresa hutumia wati 45 hivi zinapozunguka, yaani karibu ampea 3.75 kwenye volti 12. Katika joto la Kisumu, na watoto wakiifungua kila mara, si ajabu ikazunguka nusu ya siku. Hizo ni saa 12, nazo hula ampea-saa 45. Taa mbili za LED na simu nne huongeza nane hivi. Matumizi yako ya siku moja, basi, ni ampea-saa 53 au zaidi kidogo.

Sasa tuangalie mapato. Jua letu hutoa sawa na saa tano za mwanga kamili kwa siku njema, lakini ukitoa joto la paneli, vumbi na umeme unaopotea kwenye waya, paneli ya wati 100 hukuletea ampea-saa 30 hivi. Unapungukiwa na zaidi ya 20 kila siku. Na betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kutumiwa kupita nusu yake, kwa hiyo 100 yako ni 50 tu. Ndiyo maana friji inakufa siku ya pili, na ndiyo maana betri nyingine peke yake isingekusaidia: ungekuwa na mtungi mkubwa zaidi usiojazwa na mtu.

Ongeza paneli ya pili kwanza. Kagua kidhibiti cha chaji, kile ambacho mafundi hukiita kontrola, kwa kuwa wati 200 huleta karibu ampea 17, na kidhibiti cha ampea 10 hakitayaweza. Tafuta cha 20. Usishughulike na vyuma vya kuinamisha paneli. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, likielemea kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini kidogo mwezi Desemba, kwa hiyo paneli iliyolala juu ya paa hufanya kazi vizuri sana. Mwinamo mdogo wa kutosha kuondoa maji ya mvua na vumbi unatosha. Adui yako ni kivuli. Hata tawi moja likifunika pembe ya paneli, umeme hupungua kupita kiasi cha kivuli chenyewe, na hapo utajikuta unachagua kati ya gari lenye ubaridi na friji yenye umeme. Ningekushauri paneli ya pili isifungwe paani: iwe na waya mrefu ili gari likae chini ya mwembe na paneli ikae juani.

Kuhusu betri yenyewe, soma iliyoandikwa juu yake. Kama ni ya kuwashia gari, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na kuimaliza kila usiku huiua mapema. Iache ipumzike saa chache bila mzigo, halafu uipime: volti 12.6 au zaidi kidogo imejaa, 12.2 iko karibu na nusu, na 12.0 umeshaichosha. Ikifika wakati wa kuibadilisha, betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma itakupa asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake na itadumu kwa miaka mingi, lakini ni ghali, inataka kidhibiti kilichopangwa kwa ajili yake, na haifai kuunganishwa moja kwa moja na altaneta (jenereta ya injini) bila kifaa cha kati cha kuichajia.

Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, yenye kipimo kisichozidi uwezo wa waya. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi, gari huwaka moto. Na atakayekuambia ununue inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili uchemshe birika la umeme hakutakii mema, kwa maana birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri hiyo hiyo.

Trela letu hukaa uani karibu mwaka mzima. Mwaka jana, tulipokuwa tukielekea Ziwa Baringo, tulisikia harufu ya kuungua kwenye mteremko wa Tambach. Matairi yana kashata, yaani meno ya kushika barabara, za kutosha. Nikague nini?
*Mwalimu Mstaafu, Kitale*

Mwalimu, njia hiyo ni mtihani mgumu: kutoka Iten unateremka zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Kerio, unapanda tena hadi Kabarnet, kisha unateremka hadi Marigat. Harufu hiyo bila shaka ilikuwa ya breki. Ingiza gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, uiache injini ishike uzito, na ukanyage breki kwa vipindi badala ya kuuweka mguu juu yake njia nzima. Pedi zilizopata joto kali hugeuka kuwa ngumu na kung'aa kama kioo. Zitolewe, zikaguliwe, na maji ya breki yabadilishwe kama yamekaa miaka miwili.

Kuhusu matairi, kashata hazisemi lolote kwa trela linalokaa. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2016. Watengenezaji wengi husema tairi lisizidi miaka kumi hata likiwa zima machoni. Kwa trela lililosimama juani mimi singevuka saba. Ukiona nyufa ubavuni, hapana mjadala. Fungua pia beringi, uzisafishe na kuzitia grisi mpya, na baada ya kilomita ishirini za kwanza usimame uguse kitovu cha kila gurudumu: vuguvugu ni sawa, moto wa kukufanya uondoe mkono si sawa. Panga mizigo ili karibu sehemu ya kumi ya uzito wa trela ikalie ndoano ya kuvutia. Trela lenye uzito nyuma huyumba, na likianza kuyumba kwenye mteremko ni vigumu kulituliza.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 uko chini ya kitanda. Je, ni hatari? Na Mlima Elgon tunaweza kuingiza jiko la makaa ndani ili tupate joto?
*Kijana wa Bungoma*

Jiko la makaa lisiingie kamwe, hata likiwa jekundu bila moshi. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Chukueni blanketi za ziada na chupa za maji moto.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni, hapo hapo chini ya kitanda chenu. Mtungi ukae wima, umefungwa imara, katika kisanduku chake kilichotengwa na chumba na chenye tundu chini linalotoka nje ya gari. Pima viungo kwa povu la sabuni, wala si kwa kiberiti. Funga mtungi kila mnapoondoka.

Logbuku bado inasema gari ni la abiria 14. Kuna ubaya?
*Dereva wa Zamani, Kakamega*

Upo. Mabadiliko ya matumizi, viti na bodi hutakiwa kuandikishwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, na gari kukaguliwa. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi pia, kwa kuwa ajali ikitokea watauliza gari lilikuwa linatumika kwa kazi gani.

Maji ya tangi letu la lita 40 yananuka. Tutapiga kambi katika msitu wa Kakamega juma la kwanza la likizo.
*Wanandoa wa Mbale, Vihiga*

Limwageni lote, mlisuuze, kisha mlijaze maji safi na dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, mililita 40, ambazo ni vijiko vitatu vya mezani visivyojaa sana. Fungueni kila bomba mpaka harufu ya dawa ifike, mwache usiku kucha, kisha mmwage na kusuuza hadi harufu iishe. Msichanganye dawa hiyo na siki, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Kama tangi ni la plastiki inayopitisha mwanga, lifunikeni kwa turubai jeusi, maana mwani hauoti gizani. Baada ya hapo liacheni tupu, kifuniko kikiwa wazi na kitambaa cha chandarua kikiwa kimefungwa mdomoni, na mlijaze asubuhi ya safari.