Umeme wa kuamsha kibofu: je, tuuze kiwanja?

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu alianguka kutoka juu ya paa akiezeka mabati, akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hahisi kitu, ingawa miguu hukakamaa na kurukaruka tukimwogesha kwa maji baridi. Mpaka leo ana sonda, yaani mpira wa kutolea mkojo, aliyowekewa hospitalini. Mjomba aliyeko Ubelgiji anasema ipo mashine ya umeme inayoamsha kibofu, na familia inafikiria kuuza kiwanja. Je, itamfaa?
Dada wa mgonjwa, Kadutu, Bukavu

JIBU: Dada yetu, pole kwa kuuguza. Mashine hiyo ipo, wala si ngeni: ilibuniwa na mtafiti Giles Brindley huko London, na wagonjwa wa kwanza walipandikizwa katika miaka ya 1970. Elektrodi, yaani vipitishio vya umeme, huwekwa kwenye mizizi ya neva zinazotokea chini kabisa ya uti wa mgongo, na kipokezi huwekwa chini ya ngozi. Mgonjwa akitaka kukojoa hushika kisambazaji, yaani kifaa cha nje cha kuwashia, juu ya kipokezi hicho, umeme hupita kwa vipindi vifupi, na kwa kuwa msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea upesi kuliko kibofu, mkojo hutoka kwa mikupuo kati ya kipindi na kipindi.

Lakini umeme hauponyi uti ulioumia. Unatumia neva zilizobaki hai chini ya jeraha. Miguu kurukaruka ni dalili ya kutia moyo, ila kinachothibitisha ni kipimo cha shinikizo la kibofu. Tena, katika upasuaji huo kwa kawaida hukatwa mizizi ya neva za hisia ili kibofu kisijikaze ovyo. Ikishakatwa hairudi, na mwanamume hupoteza usimikaji unaotokana na kuguswa. Hilo aulizwe mwenyewe faraghani, si katika kikao cha ukoo.

Upo pia umeme wa juu ya ngozi, karibu na kifundo cha mguu. Huo hutuliza kibofu tu, haukamui mkojo. Msije mkauziwa kimoja kwa jina la kingine.

Kwa maoni yangu kiwanja kisiuzwe sasa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sonda hiyo ya kudumu, inayokaribisha maambukizi na mawe. Kaka yako ana mikono mizima, hivyo muulizeni daktari kama anaweza kufundishwa kujitoa mkojo kwa sonda ya muda, inayoingizwa na kutolewa kila mara, mara 4 hadi 6 kwa siku, bila kuacha kibofu kipite mililita 500. Daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alieleza mwaka 1972 kwamba usafi wa kawaida unatosha. Maji ya bidoni na sabuni vitaosha mikono vizuri. Ila sonda ya sasa msiivute wenyewe, kwani ndani ina puto lililojazwa maji ambalo muuguzi hulipunguza kwanza kwa bomba la sindano.

Ombeni pia ekografia (ultrasound) ya figo na kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi, na akipata homa ya kutetemeka apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.