Gari inayumba, na betri mpya haina nguvu

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu ya porini ina ekseli nzima mbele (chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi) na springi za koili, nimeinyanyua inchi 2 nikaweka matairi makubwa, sasa ikifika spidi 80 inahama hama barabarani na nikikata kona stelingi hairudi yenyewe. Halafu asubuhi staata inazunguka kivivu na betri ni mpya. Naweza kujipimia mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Unaweza. Kwanza mtu akae ndani achezeshe stelingi kushoto kulia, gari iko chini kwenye matairi yake, we angalia tairodi (fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele), boljointi (viungo vya mpira vya stelingi) na bushi (raba za kwenye maungio), kitu kikicheza kibadilishe hicho kwanza maana alaimenti (kunyoosha matairi) ya vitu vilivyolegea ni kazi bure.

Sasa upime kama matairi yameelekea sawa: chukua chaki, weka alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, usawa wa ekseli hivi, pima kati ya alama mbili, sukuma gari mbele mpaka alama zile zile zije upande wa mbele kwa usawa uleule, pima tena. Kwa ekseli nzima, kipimo cha mbele huwa pungufu ya cha nyuma kwa milimita 1 hadi 3, ila kitabu cha gari yako ndio chenye neno la mwisho. Kurekebisha legeza klampu za tairodi halafu zungusha bomba lake, linarefuka au linafupika, na kila ukizungusha isogeze gari mita kadhaa kabla ya kupima, usipime ilipo utadanganyika.

Lakini hilo la stelingi kutorudi, hapo tairodi haikusaidii hata uzungushe mpaka kesho. Ulipoinyanyua, zile arm zinazoshika ekseli zimeinama zaidi na ekseli imezunguka, kwa hiyo kasta (ule mlalo wa kuelekea nyuma unaoirudisha stelingi yenyewe) imepungua. Dawa yake ni bushi za kasta au arm zilizorekebishwa, na mimi ningeanza na hapo.

Umeme: weka mita kwenye volti DC, waya mweusi kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, sio terminali, yaani kile kibano cha waya), mwekundu kwenye chuma cha injini, mtu apige staata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5 basi ethi (waya kutoka betri hasi hadi injini) ni mbovu, safisha terminali na sehemu waya unapofungwa mpaka chuma king'ae, nzuri husoma 0.2 au chini. Fanya hivyo na upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka bolti ya staata.

Pande zote zikiwa safi na betri ikilala usiku ikaamka chini ya volti 12.4, huenda kuna kitu kinakula umeme gari ikiwa imezimwa. Zima kila kitu, chomoa terminali hasi, unga mita kati ya terminali hiyo na nguzo yake, kwenye ampia 10, subiri nusu saa, ikizidi miliampia 50 chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Ila usipige staata mita ikiwa imeungwa hivyo, fyuzi yake ya ndani inakatika hapo hapo.