Maswali ya Jikoni: mteja wa kila siku hasomi menyu

Safari hii wenye migahawa ndo mmetuandikia zaidi, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, ukishapata ladha mpya au ukiwa na habari ya jikoni unawaambiaje wale wateja waliokuzoea. Barua tumezifupisha, majina tumeficha.

*Nina mgahawa mdogo, wateja wangu wa kila siku nimewaweka kwenye grupu la WhatsApp. Hivi karibuni nimegundua miso, ile rojo ya soya ya Wajapani, nikaipenda mpaka nikakaa usiku kuandika maelezo yake yote, historia, inavyochachushwa, kila kitu, nikatuma. Kimya. Dole gumba mbili tatu basi. Hivi hawajali au vipi? Mama Mgahawa*

Dada wanajali sana, sema meseji yako ilikuwa ndefu na watu walikuwa kazini. Halafu kuna kitu wenye migahawa mnakisahau, mteja wa kila siku hasomi chochote, hata menyu yako hajaifungua siku nyingi, anakaa anasema "niletee ya siku zote" anaendelea na simu yake. Mtu wa hivyo habari inamfikia kwa mdomo wa mhudumu au kwa kijiko.

Kwahiyo anza na kijiko. Usimpikie chakula kizima asichokijua, chukua kitu anachokula tayari, tuseme supu yako ya uyoga, uitie miso humo. Chota kijiko kimoja ukikoroge pembeni kwenye kikombe na supu ya moto kidogo mpaka mabonge yaishe, zima jiko, ndo umimine kwenye sufuria, maana ikichemka sana harufu yake inapotea. Na chumvi punguza, miso yenyewe ina chumvi ya kutosha. Ukitumia uyoga mkavu ndo utapenda zaidi, ladha ya uyoga mkavu na ya soya zikikutana zinapandishana, yaani supu inakuwa nzito mdomoni wakati hujaongeza nyama wala siagi. Mpe bakuli dogo, mwambie sentensi moja tu, "nimeweka miso humu, itakuwepo mpaka Jumamosi, niambie ukionaje". Basi, ondoka pale mezani! Usisimame kumwangalia anavyomeza.

Akikuuliza mwenyewe "hii ladha ni ya nini" hapo sasa mlango umefunguka, mpe stori ya profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo ambaye mwaka 1908 aliitoa ladha hii kwenye mwani wa kombu akaiita umami, ataisikiliza kwa raha kwa sababu bado iko kwenye ulimi wake. Stori ileile umeituma saa nne usiku kwa mtu aliyeshiba, ndo maana ulipata dole gumba.

Kingine, kabla hujamwonjesha mtu hakikisha saplaya wako ana mzigo. Kumpendezesha mtu kitu halafu wiki inayofuata unamwambia kimeisha, bora ungenyamaza tu.

*Wali wangu wa zafarani ndo ulionijengea jina. Zafarani imenishinda bei nikaanza kutumia manjano, rangi ni ileile na hakuna aliyelalamika ila mteja mmoja mzee ameuliza kama tumebadilisha mpishi. Niseme au nikae kimya? K.*

Kaka sema, tena leo. Huyo mzee ameshajua, amekuuliza kwa adabu tu.

Rangi zinafanana kwa mbali lakini pua haidanganyiki, zafarani ina harufu kama ya asali na majani makavu, manjano yanakuja na harufu ya udongo na uchungu kidogo. Na mradi menyu inasema zafarani wakati kwenye sufuria kuna manjano, hiyo ni kuuza kitu ambacho hakipo, hata kama wateja wote wamenyamaza. Futa hilo neno kwanza ndo tuongee mengine.

Halafu bei usiionee aibu, ieleze. Ua moja la zafarani linatoa nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, gramu moja inakula maua kama 150 hivi. Mteja akizijua hizo hesabu haoni tena kama unamlangua. Mwambie wali wa kila siku sasa ni wa manjano na bei yake imeshuka, anayetaka wa zafarani aagize mapema tumpikie wake. Huo wa oda ufanye vizuri sasa, loweka nyuzi kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yageuke rangi ya chungwa, mwagia juu ya wali unapokaribia kuiva, na nyuzi zenyewe usizichuje, ziache zionekane kwenye sahani. Mi naona utapoteza wateja wachache sana, na huyo mzee atakuwa wa kwanza kuweka oda.

*Nimepata zaatari, yale majani makavu yaliyochanganywa na ufuta, nawanyunyizia wateja wangu wa siku zote juu ya mkate kama sapraizi bila kusema kitu. Wanafurahi sana! Nauliza tu kama naweza kufanya hivyo na mchanganyiko mwingine. Mpishi*

Hapana, na hata huo wa sasa acha kwanza. Ufuta una watu wake unawadhuru, na wengine hali inakuwa mbaya ndani ya dakika chache. Marekani wameuingiza kwenye orodha yao ya vyakula vikuu vya aleji kuanzia Januari 2023, ukawa wa tisa, na Ulaya uko kwenye orodha yao ya vitu 14 ambavyo tangu Desemba 2014 hata mgahawa lazima umjulishe mteja. Mteja mgeni atakuuliza kuna nini humu. Huyu wako hakuulizi, ameshakuamini, anafunga macho anatafuna, kwahiyo yeye ndo yuko hatarini zaidi kuliko mgeni. Sapraizi iwe ladha, viungo vyake vitaje kabla sahani haijatua mezani. Na Mama Mgahawa usipite hapa kama vile haikuhusu, miso yako ni soya na nyingine zina shayiri ndani.

*Mimi ni mteja. Mwenye mgahawa ninaokula kila siku ananionjesha kila anachogundua, vingi sivipendi ila namwambia vitamu. Nimechoka. Mla Bure*

We ndo unamponza mwenzio bana. Kesho akiweka hicho kitu kwenye menyu kwa kukutegemea wewe hasara ni yake. Mwambie nini hasa hukukipenda, chachu imezidi, kinateleza, harufu kali, hiyo inamsaidia kurekebisha kuliko "kitamu" yako. Na ukisema kimoja hukipendi, siku ukisifia kingine atakuamini. Ila usimwambie mbele ya wateja wengine, subiri wakati wa kulipa bili.