Blanketi la Viraka Lisiloniridhisha

SWALI: Nimeunga viraka vya vitenge nilivyonunua soko la Owino, Kampala, ili nimshonee mtoto wa dada yangu blanketi, lakini upande wa juu umejikunja na pembe hazikutani. Je, nilitupe? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Usilitupe, dada. Maadamu hujaweka pamba ya katikati wala kitambaa cha chini, kazi bado iko mikononi mwako. Ligeuze upime kwa rula mishono iko umbali gani kutoka ukingo wa kitambaa, kwa sababu viraka vilivyoungwa kwa robo inchi mahali pamoja na nusu inchi mahali pengine haviwezi kukutana pembe, hata ukivipiga pasi namna gani. Fumua pale tu palipokosewa: kata uzi wa upande mmoja kwa nafasi fupi fupi, kisha uvute polepole ule wa upande wa pili, kwani kitambaa kikivutwa kwa nguvu hupanuka, hasa kilichokatwa mshazari. Kitenge cha pamba hurudi kikifuliwa, basi vipande vipya vifue kabla ya kuvikata.

Ikiwa ni rangi tu zisizokupendeza, mimi ningeliweka kando wiki kadhaa; zikiendelea kukuudhi, likate upate foronya mbili.