Seva ya Proxmox kukwama kwenye megabaiti 11 kwa sekunde

Seva yako ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya seva moja) ikikwama kwenye megabaiti 11 kwa sekunde mtandaoni, mara nyingi tatizo si Proxmox, ni kebo. Au swichi, kama ni ya zamani yenye mwisho wa megabiti 100. Hiyo 11 inajieleza yenyewe: megabiti 100 ukigawa kwa 8 unapata 12.5, ondoa mzigo wa itifaki unabaki na 11 na ushee. Gigabiti inataka jozi zote 4 za nyaya ndani ya kebo, wakati megabiti 100 inaridhika na jozi 2. Waya mmoja wa zile jozi 2 za ziada ukilegea kwenye kichwa, mara nyingi mtandao haukatiki, unashuka kimya kimya.

Kwenye seva andika ethtool eno1 (amri ya kuonyesha hali ya kadi ya mtandao; badala ya eno1 weka jina la kadi yako), usome mstari wa Speed. Ukiona 100Mb/s, badilisha kebo kabla hujagusa mpangilio wowote. Nilishapoteza Jumamosi nzima nikichokonoa vmbr0, daraja la mtandao linalounganisha mashine pepe na kadi ya seva, kumbe kosa ni kichwa cha RJ45 nilichofunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Ila ukikuta 1000Mb/s, pima kwa iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao peke yake) badala ya kunakili faili, maana diski ya polepole nayo hudanganya. Seva ikiwa na kasi lakini mashine pepe inajikokota, angalia aina ya kadi ya mtandao uliyoipa: kama ni E1000 (inayoiga kadi halisi ya Intel), jaribu VirtIO (iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe). Kwa Windows weka draiva za VirtIO kwanza, la sivyo itawaka bila mtandao kabisa.